Nywele zinapoota upya baada ya saratani: Tuzipe muda, tuchunge na ndimi zetu

WAHENGA walinena kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu ajitayarishe kwa jambo lililokwisha kumfika jirani yake. Leo ningependa wasomaji wapendwa, hasa walimu na wanafunzi, tuichukue kwa maana yake ya wazi kabisa, yaani kichwa, wembe na maji. Wapo wenzetu wengi ambao vichwa vyao vimenyolewa, si na kinyozi, bali na dawa. Baada ya miezi kadhaa nywele zao huota tena, na huota zikiwa na sura ambayo wenyewe hawaitambui. Namna tunavyozipokea nywele hizo kwa mikono yetu, kwa kanuni za shule zetu na kwa maneno yetu ndiyo mada ya makala haya.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani kutoka hapa Sachangwan, kandokando ya barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret, hakuwa na budi kufunga safari hadi Hospitali Kuu ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi ili apate matibabu ya mionzi katika hospitali ya umma. Siku hizi hospitali ya rufaa ya Nakuru ina kituo chake cha saratani. Jambo hilo ni la kushukuriwa. Hata hivyo, limeleta hali mpya vijijini. Mgonjwa aliyekuwa akipotea machoni pa watu kwa muda mrefu, sasa hupata dawa mjini na kurudi nyumbani. Majirani humwona katika kila hatua: akiwa na nywele, akiwa na kipara, na zinapoanza kuota upya.

Mwezi wa Julai 2019 taifa zima lilitikisika. Katika mwezi huo mmoja saratani iliwachukua Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya Safaricom. Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Na Joyce Laboso, Gavana wa Bomet, ambaye kabla ya kuingia katika siasa alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, si mbali na hapa. Miaka minane kabla ya hapo, Septemba 2011, ugonjwa uo huo ulikuwa umemchukua Profesa Wangari Maathai. Vifo vya watu mashuhuri huandikwa magazetini kwa herufi kubwa. Wasioandikwa sana ni wale wanaotibiwa, wakapata nafuu, kisha wakarejea shambani, dukani na darasani. Hao ndio ninaowazungumzia.

Dawa isiyobagua

Jina lenyewe la ugonjwa huu lina historia ya kale. Saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, yule mdudu wa pwani mwenye magando. Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, na ndiko lilikotoka hata neno kansa. Tiba mojawapo ya kumwandama kaa huyo ni tiba ya kemikali, ambayo wagonjwa wengi huiita kwa ufupi "kemo".

Yafaa wanafunzi wetu wa sayansi wajue kwamba Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia ya tiba hiyo. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwashambulia watoto wa kanda hii. Katika miaka ya 1960 ilidhihirika, Kampala na hata Nairobi, kwamba uvimbe huo uliweza kuyeyuka kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanzishwa. Nayataja haya kwa sababu wagonjwa wale walikuwa watoto. Kuanzia mwanzo wake, tiba hii katika nchi zetu imekuwa pia habari ya watoto wa kwenda shule.

Dawa hizi husaka seli zinazojigawa kwa kasi, kwa kuwa ndivyo zifanyavyo seli za saratani. Lakini hazina macho ya kubagua. Seli zilizo kwenye shina la unywele nazo hujigawa kwa kasi kubwa, na kwa wakati wowote ule karibu nywele tisa kati ya kila kumi za kichwani zimo katika hatua ya kukua. Kwa hiyo, wiki mbili au tatu hivi baada ya dozi ya kwanza, mgonjwa huamka akakuta nywele zimetapakaa kwenye mto. Pengine nyusi na kope hufuata. Si dawa zote zifanyazo hivyo. Baadhi hupunguza nywele kidogo tu, ilhali nyingine, kama vile doksorubisini, ile dawa nyekundu, na paklitakseli, aghalabu huzimaliza zote.

Kiswahili kina kitenzi mwafaka kwa tukio hili, nacho ni kupukutika. Majani ya mti hupukutika wakati wa ukame ilhali mti wenyewe u hai. Nywele za mgonjwa hazing'olewi. Zinapukutika, na mashina yake hubaki chini ya ngozi yakingoja dawa ipungue mwilini. Mwalimu wa sayansi akilieleza jambo hili darasani kwa kitenzi hicho kimoja, atakuwa amefundisha bayolojia na lugha kwa pamoja.

Malaika kwanza, vipete baadaye

Mwezi mmoja hadi mitatu hivi baada ya dozi ya mwisho, kichwa huanza kufunikwa na nywele nyembamba mno, laini, fupi, na pengine zisizo na rangi kamili. Hizi nazo lugha yetu imezipatia jina. Unywele mwembamba uotao mkononi au kwingineko mwilini huitwa laika, na wingi wake ni malaika. Vijana wanaolijua neno malaika kwa maana ya viumbe wa mbinguni tu watashangaa, lakini kamusi zetu zimelihifadhi. Sioni neno bora zaidi kwa nywele za kwanza za mtu aliyetoka kwenye tiba.

Baada ya malaika huja nywele zenyewe, na hapa ndipo mshangao unapoanza. Umbo la unywele hutegemea kifuko unamoota ndani ya ngozi. Kifuko kilichonyooka hutoa nywele za singa. Kilichopinda hutoa nywele zilizojikunja. Kifuko kilichotikiswa na dawa huanza kazi kabla hakijarejea katika hali yake ya awali, na kwa hiyo nywele zinazotoka huenda zisifanane na zile za zamani. Wazungu wenye singa mara nyingi huota nywele zenye mawimbi na vipete, yaani mikunjo ya mviringo, na ndiyo habari iliyoenea duniani kuhusu nywele za baada ya tiba. Kwetu sisi ambao mikunjo ni asili yetu, wengi huona kinyume chake: kipilipili hulegea, vipete huwa vikubwa, na nywele huwa laini kama za mtoto mchanga. Pengine mvi huchomoza kwa kijana.

Kwa watu wengi hali hii ni ya muda tu. Miezi sita, mwaka mmoja au zaidi ikipita, kifuko hurudia umbo lake na kipilipili hurejea. Wapo ambao nywele zao hazirudi kabisa kuwa zile za zamani. Na wapo wachache, hasa miongoni mwa waliotibiwa kwa dositakseli, ambao nywele zao hubaki chache. Ikipita nusu mwaka bila dalili ya kuota, ni vyema mtu amwarifu daktari wake badala ya kuzunguka madukani akitafuta mafuta ya miujiza.

Namna ya kuzitunza

Kanuni ya kwanza ni kwamba nywele hizi zitunzwe kama za mtoto mchanga, hata kama mwenyewe ana umri wa miaka hamsini. Ngozi ya kichwa imedhoofishwa na dawa. Hukauka, huwasha na kuchubuka upesi. Zioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni nyepesi, mara moja au mbili kwa wiki, zisisuguliwe kwa kucha, na zikaushwe kwa kubonyezwa na taulo. Mafuta ya asili yatokayo kwenye ngozi hayapandi kwa urahisi kwenye unywele uliojikunja, na ndiyo maana nywele zetu hukauka haraka. Kwa sababu hiyo, zipakwe mafuta kidogo, kwa mfano ya nazi, zikiwa bado na unyevu. Mafuta hayaleti maji. Huyazuia yaliyomo yasitoke. Zichanwe kwa vidole au kwa chanuo lenye meno mapana, kuanzia ncha kuelekea kwenye ngozi.

Sisi wa nyanda hizi za Molo tuna mambo mawili ya kuongeza. Mosi ni baridi. Kichwa kisicho na nywele hupoteza joto, na ukungu wa asubuhi wa Sachangwan hauna huruma. Kofia za sufu tunazo tele, lakini sufu huwasha ngozi nyororo. Heri itangulie leso laini ya pamba, kisha kofia juu yake. Pili ni jua. Watu hudhani kwamba penye baridi hapana jua la kuunguza, kumbe katika miinuko ya zaidi ya mita 2,000 jua la adhuhuri huchoma kuliko la mabondeni. Mwanafunzi aliyetoka kwenye tiba asisimamishwe gwaride kichwa wazi. Usiku, kitambaa cha kitelezi kichwani au kwenye mto huzipunguzia nywele msuguano.

Kanuni ya pili ni subira. Nywele za kichwani kwa wastani hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na zetu za kipilipili hukua polepole kidogo kuliko hapo. Hakuna kitakachoharakisha hesabu hiyo. Kunyoa mara kwa mara hakuzifanyi ziwe nzito, kwa sababu wembe haufiki kwenye shina. Kinyozi anaweza kusaidia kwa njia nyingine: apunguze ncha ili kisogo na utosi vilingane, na kichwa kiwe na umbo la kupendeza hata nywele zikiwa na urefu wa sentimita mbili tu.

Nawageukia sasa wasusi wetu, ambao nawaheshimu kama mafundi. Dada au mama aliyepona atakuja kwako akiwa na hamu kubwa ya kufanana na jana yake. Ataomba dawa ya kunyoosha, rangi, rasta, au nywele za bandia za kubandika kwa gundi. Usimkubalie upesi. Dawa nyingi za kunyoosha nywele hutengenezwa kwa kemikali kali, mojawapo ikiwa soda kali, ndugu ya ile itumiwayo kutengenezea sabuni. Kwa kawaida hushauriwa kwamba ingojwe angalau miezi sita baada ya tiba kwisha, na daktari aulizwe kwanza. Pasi na mashine za hewa ya moto nazo zikae kando.

Hilo halina maana kwamba mtu asijipambe. Katika miezi ya mwanzo kilemba cha leso kilichofungwa kwa ustadi chatosha kuwa pambo. Zikifika sentimita tatu au nne, vipete vinaweza kutengenezwa kwa maji, mafuta kidogo na kidole, kimoja baada ya kingine, vikafungiwa utepe mpana. Zikirefuka zaidi, zisokotwe mbilimbili bila kuvutwa. Matuta yasubiri hadi unywele uweze kushikika bila msusi kukaza mkono, na yakisukwa yawe mapana na malegevu. Msuko unaoumiza usiku wa kwanza unang'oa. Zamani mwanamke aliambiwa avumilie uchungu ili apendeze. Huyu amekwisha kuvumilia vya kutosha.

Shuleni

Nimewaandikia walimu hasa, kwa sababu ni shuleni ambapo mambo haya huweza kuharibika. Shule zetu nyingi za umma huwataka wasichana wawe na nywele fupi, na aghalabu hupiga marufuku dawa yoyote ya nywele. Sina nia ya kuijadili kanuni hiyo leo. Tuchukue tu mfano wa msichana wa kidato cha pili aliyekosa masomo kwa muhula mzima, kisha akarejea akiwa na nywele laini zenye vipete vilivyolegea. Wale wa umri wangu watakumbuka mtindo wa miaka ya 1980 ulioitwa kalikiti, uliofanya nywele zing'ae na kuviringana kwa kemikali. Mwalimu wa zamu anapomwona msichana huyu mlangoni, akili yake hukimbilia huko. "Umetia dawa?" humwuliza mbele ya wenzake. Kwa hakika ametiwa dawa, lakini si ile anayoidhania mwalimu. Ama ajieleze hadharani na kuutangaza ugonjwa wake, ama anyamaze na kunyolewa upya. Njia zote mbili ni ukatili, hata kama hakuna aliyekusudia ukatili.

Sheria iko upande wa mtoto huyo. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakataza ubaguzi, na miongoni mwa misingi kinayoitaja waziwazi ni hali ya afya. Septemba 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba shule moja ilikosea kumfukuza msichana kwa sababu ya nywele zake za msokoto alizokuwa nazo kwa imani yake ya Kirastafari. Ikiwa kanuni ya nywele inaweza kulegezwa kwa sababu ya imani, basi yapaswa kulegezwa pia kwa sababu ya tiba.

Yanayohitajika si mambo makubwa. Mzazi alete barua ya hospitali kwa mwalimu mkuu kabla ya siku ya kurejea. Mwalimu mkuu awaarifu kwa siri walimu wanaohusika, wakiwemo wa zamu. Mtoto aruhusiwe kuvaa kitambaa au kofia darasani na bwenini, na asilazimishwe kuvivua wala kuvivaa. Aulizwe yeye mwenyewe kama angependa wenzake waelezwe, na nani awaeleze. Asinyolewe ila kwa ridhaa yake. Hayo matano hayagharimu hata shilingi moja.

Maneno yanayouma

Sasa niingie katika uwanja wangu, uwanja wa lugha. Yapo maneno matatu ambayo huwapata watu hawa kila mahali.

La kwanza ni swali: "Mbona umenyoa, umefiwa?" Lina mizizi katika mila. Katika jamii zetu nyingi kunyoa kichwa kilikuwa kitendo cha matanga, na hata leo kipara cha mwanamke huwakumbusha wengi msiba. Anayeuliza hudhani anatoa pole. Anayeulizwa husikia akihesabiwa miongoni mwa wafu.

La pili ni ile tuhuma ya dawa, ambayo nimekwisha kuieleza.

La tatu ndilo la hatari zaidi kwa kuwa huja likiwa limevaa vazi la sifa: "Kumbe umepata nywele nzuri!" Tulitafakari neno hilo "nzuri". Kwa muda mrefu tumezigawa nywele zetu katika makundi mawili, nzuri na ngumu, na nzuri zikawa zile zinazokaribia singa. Kumsifu mtu kwa kulegea kwa kipilipili chake ni kumwambia mambo mawili kwa pamoja: kwamba nywele alizozaliwa nazo zilikuwa na kasoro, na kwamba saratani imemtunuku zawadi. Mwaka ukipita na kipilipili kikarejea, atakuwa na sababu ya kuhuzunika siku ambayo angepaswa kufurahi. Kwa maana kurejea kwa kipilipili ni ishara kwamba kifuko kimerudia umbo lake na kinafanya kazi yake ya asili. Hiyo ni habari njema, na iitwe hivyo.

Watu wa Sachangwan tunajua thamani ya jicho lisilokodoa. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lililokuwa limepinduka hapa liliposhika moto na kuua zaidi ya watu 100, wapo walionusurika wakiwa na makovu ya kudumu. Walihitaji madaktari, lakini walihitaji pia majirani ambao wangewasalimu kwa majina yao na kuwauliza habari za mahindi na za watoto. Anayerudi kutoka kwenye tiba ya saratani anahitaji ujirani wa namna hiyo hiyo.

Basi, mwalimu mwenzangu, muhula utakapofunguliwa na ukamwona mwanafunzi mwenye nywele za ajabu langoni, mpe salamu kwanza. Mwulize amefikia wapi katika somo lako na anahitaji daftari gani. Nanyi wanafunzi, msiziguse nywele za mwenzenu bila idhini, hata kama ni laini kiasi gani. Akitaka kuzizungumzia, atazizungumzia mwenyewe. Asipotaka, kuna hesabu, kuna Kiswahili, kuna mpira wa jioni, na hayo ndiyo aliyoyakosa muhula mzima.